UZI: Mafahali wawili zizi moja. Seva mbili za databesi hazitoshi, tafuteni kura ya tatu

#1 Mtunza Databesi

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijana wa ofisi ya jirani alinionyesha mfumo wao mpya kwa furaha kubwa. Seva mbili za databesi, moja ikifa nyingine inashika usukani, biashara haisimami. Nikamuuliza, "Na siku zikishindwa kusikilizana huku zote mbili ziko hai?" Akanyamaza. Nami niliwahi kuwa na mfumo kama ule ule na furaha ile ile, na kilichonikuta sitaki kimkute yeye wala mwingine humu. Chai pembeni, uzi ni mrefu.

Nilikuwa nasimamia mfumo wa mauzo wa kampuni moja ya dawa za jumla hapa Dar, jina tuliache. Majengo mawili yanatazamana, katikati uwanja wa kushushia mizigo. Programu ya databesi ni PostgreSQL. Seva ya kwanza, kiongozi, ilikaa jengo la mbele. Ya pili, mfuasi, ilikaa jengo la nyuma na kupokea nakala ya kila muamala. Kwenye mfuasi niliweka skripti, programu fupi niliyoiandika kwa mkono wangu: mwite kiongozi kila baada ya sekunde 5, asipoitika mara 3 mfululizo, jipandishe cheo. Niliijaribu kwa kuizima seva ya kwanza. Mfuasi akapanda, mauzo yakaendelea, bosi akanishika mkono.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, swichi inayounganisha majengo yale ikafa. Swichi tu. Hakuna seva iliyozimika. Kiongozi akaendelea kuhudumia madirisha ya jengo la mbele kama kawaida. Kule nyuma mfuasi hakusikia kitu kwa sekunde 15, akaamini mwenzake kafa, akajipandisha. Programu ya keshia ilikuwa na anwani mbili, ya kwanza isipopatikana inajaribu ya pili, kwa hiyo madirisha ya nyuma yote yakahamia kwake.

Hakuna aliyenipigia simu. Keshia wa mbele anauza, keshia wa nyuma anauza, printa zinatoa ankara. Mfumo ukizimika ofisi nzima inapiga kelele, lakini mfumo ukigawanyika kila mtu anaendelea na kazi yake na hasara inakua kimyakimya.

Baada ya kama dakika 40 akaja mtu wa ghala na karatasi mbili mkononi. Ankara namba 48211, mteja wa Morogoro, makasha 12 ya amoksilini. Ankara namba 48211, mteja wa Temeke, makasha 9 ya amoksilini ile ile. Ghalani yalikuwepo makasha 14. Namba za ankara tulikuwa tunazitoa kwenye jedwali lenye safu moja tu, "namba ya mwisho", na kila seva ilikuwa na nakala yake ya jedwali hilo. Zikaanza kuhesabu kutoka palepale, kila moja kivyake.

Tulikuwa na ankara 63 zenye namba pacha. Mimi na mhasibu tulikesha siku tatu tukizipitia moja moja kwa rula na kalamu nyekundu. Kibaya zaidi, usiku wa kwanza nilikaribia kuharibu kila kitu. Nilitaka nimrudishe kiongozi wa zamani awe mfuasi kwa kutumia pg_rewind. Zana hiyo ni nzuri na inafanya kile ilichoandikiwa kufanya: inafuta kila kilichoandikwa upande mmoja baada ya njia panda ili ufanane na upande wa pili. Maana yake ningefuta dakika 40 za mauzo halali ya jengo la mbele. Kilichoniokoa ni kwamba diski ya kunakilia ilikuwa karibu, nikaamua kwanza ninakili folda nzima ya data. Yeyote atakayefika hapo, nakili kwanza. Pande zote mbili. Ndipo uguse kitu.

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Seva mbili zinazojiona viongozi kwa wakati mmoja ni balaa kuliko seva mbili zilizokufa. Iliyokufa utaiwasha na kuendelea ulipoishia. Data iliyoandikwa njia mbili haina amri ya kuiunganisha, inabaki kazi ya binadamu na karatasi.

Kosa langu lilikuwa la hesabu. Mfuasi asiposikia kitu hana namna ya kujua kama mwenzake kafa au njia ndiyo imekatika. Akiwa amesimama pale alipo, mambo hayo mawili yanafanana kabisa. Hata ungeongeza sekunde 15 ziwe dakika 15, bado hajui. Kinachotakiwa ni sauti ya tatu.

Aliyewahi kukaa kikao cha SACCOS anajua akidi. Nusu ya wanachama hawapitishi kitu, lazima wazidi nusu. Klasta ya databesi, yaani seva kadhaa zinazofanya kazi kama kundi moja, inaendeshwa hivyo hivyo. Wakiwa 3 akidi ni 2, unaweza kumpoteza mmoja na kikao kikaendelea. Wakiwa 5 akidi ni 3, unapoteza wawili. Wakiwa 2 akidi ni wote 2, kwa hiyo akiondoka mmoja hakuna kikao, na ukilazimisha kiwepo unarudi kwenye Jumanne yangu. Wanne nao hawana faida kuliko watatu, kwa sababu akidi inakuwa 3 na bado unaruhusiwa kumpoteza mmoja tu. Ndiyo maana mnaona watu wanapanga 3 au 5.

Siku hizi pale natumia Patroni, programu inayosimamia nani awe kiongozi kati ya seva za PostgreSQL, pamoja na etcd. etcd ndiyo daftari la kura, linakaa kwenye mashine tatu. Ndani yake kuna ufunguo mmoja wa uongozi. Anayeushika ndiye kiongozi, na kwa mipangilio inayokuja nayo Patroni ufunguo huo unadumu sekunde 30, naye anauhuisha kila baada ya sekunde 10. Akishindwa kuuhuisha kwa sababu ametengwa na wenzake, anajishusha mwenyewe na kukataa kuandika. Hicho ndicho skripti yangu haikuwa nacho kabisa. Mimi nilifundisha seva moja kupanda, sikufundisha ya pili kushuka.

Na kama kiongozi ameganda kiasi cha kushindwa hata kujishusha? Patroni inaweza kuunganishwa na mlinzi wa ndani (watchdog) wa Linux, mfumo endeshi wa seva: ama ule wa programu uitwao softdog, au ule wa kwenye ubao wa mashine wenyewe. Mlinzi asipoguswa kwa muda uliopangwa, anaiwasha upya mashine yote bila kuuliza. Ni ukatili unaohitajika.

Maswali yaje, nipo.

---

#2 Chipukizi IT

Mkuu umeshusha nondo, nimeweka kambi hapa. Mimi nipo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, matawi manne, MIMI NDIYE IDARA NZIMA. Tuna seva mbili na skripti inayofanana na yako neno kwa neno. Nimesoma hadi mikono imelowa jasho. Bajeti ya seva ya tatu haipo na bosi hatasikia. Nifanyeje leo, kabla sijafikiria kesho?

---

#3 Mwana Nyakahoja

Uzi mzuri sana. Nauliza kwa niaba ya wa mikoani. Makao makuu yetu yapo Dar na tawi kubwa lipo Mwanza. Kwa nini tusiweke seva moja Dar, moja Mwanza, zote zikaandika sawasawa? Umeme ukikatika Dar, Mwanza inashika.

---

#4 Mtunza Databesi

Chipukizi, leo usiku zima ile skripti. Namaanisha. Mfuasi abaki anapokea nakala, lakini kupanda cheo kuwe ni amri anayoiandika mtu baada ya kuhakikisha kwa macho kwamba seva ya kwanza imezimwa na haitajiwasha. Utapoteza dakika 20 au 30 siku ya tatizo. Kwa duka la vifaa vya ujenzi hizo zinavumilika, mnaandika kwenye daftari halafu mnaingiza. Ankara pacha hazivumiliki.

Halafu kura ya tatu si lazima iwe seva kubwa. Haibebi databesi, inabeba daftari la kura tu. Kompyuta ya mezani ya zamani yenye diski ya SSD, ile isiyozunguka, inatosha kabisa. Nasisitiza SSD kwa sababu etcd inaandika kwenye diski kila uamuzi kabla ya kuutangaza, na diski ya kuzunguka ikizidiwa kura zinachelewa, viongozi wanabadilishwa ovyo. Ila isikae kabati moja na mojawapo ya hizo seva, wala isichomekwe UPS moja nayo. Shahidi anayelala chumba kimoja na mshitakiwa ana faida gani?

Kuhusu bosi, usimwelezee akidi. Mwambie muda. Mfumo unaopatikana kwa asilimia 99.9 unaruhusiwa kuzimika jumla ya saa 8 na dakika 46 kwa mwaka. Asilimia 99.99 ni dakika 52 na ushee. Asilimia 99.999, ile wauzaji wanapenda kuitaja, ni dakika 5 na sekunde 15 mwaka mzima. Kisha muulize mauzo ya saa moja ni shilingi ngapi, yeye mwenyewe atachagua. Na kuna biashara ambayo jibu la kweli ni kwamba haihitaji klasta, inahitaji bekapu nzuri na seva ya akiba. Hilo nalo mwambie bila kuficha.

Mwana Nyakahoja, swali lako ni zito. Tatizo la kwanza umeshaliona, hizo ni seva mbili. Tatizo la pili ni mwanga wenyewe.

Ndani ya nyaya za faiba mwanga unakwenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar hadi Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 850, kwenda na kurudi 1,700. Hiyo ni milisekunde 8.5, na faiba haijanyooka, inapinda na njia yake, kwa hiyo uhalisia ni zaidi. Ukitaka kila muamala uthibitishwe Mwanza kabla keshia wa Dar hajapata risiti, kila muamala utasubiri hizo milisekunde. Kwa muamala mmoja hakuna atakayeona. Ila kumbuka lile jedwali la "namba ya mwisho". Kila ankara inalifunga hadi ithibitishwe, kwa hiyo ankara zinapita moja moja. Gawa milisekunde 1,000 kwa 8.5, unapata kama 117 kwa sekunde, na huo ndio ukomo hata ununue mashine ya bei gani. Njia ikifika milisekunde 20 unabaki na 50.

Mfano wa watu wakubwa ni GitHub, tovuti ambako waandishi wa programu huhifadhi kazi zao. Tarehe 21 Oktoba 2018, saa 7 na dakika 52 usiku wa kuamkia tarehe 22 kwa saa za kwetu, mafundi walikuwa wanabadilisha kifaa cha mtandao wa faiba kilichoanza kuharibika. Mawasiliano na kituo chao kikuu cha data cha mashariki ya Marekani yakakatika kwa sekunde 43. Sekunde 43 tu! Mfumo wao wa kupandisha viongozi ulipiga kura kwa haki, akidi ikapatikana, uongozi wa databesi zao za MySQL ukahamia magharibi ya nchi. Lakini kule mashariki kulikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo hayakuwahi kufika magharibi, na magharibi nako wameshaanza kuandika mapya. Programu zilizobaki mashariki zikawa zinavuka nchi nzima kwa kila swali la databesi, zikashindwa kwenda. Huduma zikayumba kwa saa 24 na dakika 11. Kwenye klasta yao mojawapo yenye kazi nyingi kulikuwa na maandishi 954 ya kushughulikiwa pembeni.

Ninachowaheshimu ni uamuzi wao. Wangeweza kurudi haraka na kutupa data ya wateja. Waliamua kulinda data na kuchelewa, na baadaye waliandika hadharani kila kitu kilichotokea.

Kwa hiyo Mwanza weka mfuasi wa ziada anayepokea nakala kwa nyuma kidogo, bila kumsubiri, na mwekee alama ya kutopandishwa kiotomatiki. Kwenye Patroni alama hiyo inaitwa nofailover. Siku Dar nzima ikizama, binadamu ndiye atakayeamua kumpandisha, akijua anapoteza sekunde kadhaa za mwisho. Na umuhimu wake usiudharau. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha data cha OVHcloud, kampuni ya kukodisha seva, pale Strasbourg, Ufaransa, kiliungua, jengo moja likateketea lote. Wapo wateja waliokuwa na bekapu ndani ya uzio ule ule, zikaondoka pamoja na seva.

---

#5 Mzee Tepu

Wanangu, nimesoma nikafurahi. Nilianza kazi enzi za tepu za kuzungusha, nimestaafu sasa, ila haya mambo hayanitoki moyoni.

Msidhani ni mapya. Kampuni ya Tandem ilitoa mashine zake za NonStop mwaka 1976, kila kitu ndani kikiwa viwili viwili, na mabenki yakazikimbilia. Mwaka 1983 kampuni ya Digital wakaleta VAXcluster, mashine kadhaa zikitumia diski kwa pamoja, na suala la kura na akidi lilikuwemo tangu siku hiyo. Sisi tulisoma vitabu vyake kama msahafu.

Nimekuja kuongeza jambo moja ambalo mwenye uzi amelipita haraka. Klasta si bekapu. Mtu akiandika amri ya kufuta jedwali, amri ile inafika kwa mfuasi kabla hajainua kidole kwenye kibodi. Wafuasi wote watafuta kwa utiifu mkubwa.

Someni yaliyowakuta GitLab, tovuti nyingine ya waandishi wa programu kama GitHub, tarehe 31 Januari 2017. Mfuasi wao alikuwa amebaki nyuma, fundi akiwa usiku na uchovu akataka kusafisha folda ya data ya mfuasi ili aanze upya. Akaiandika amri kwenye seva ya kiongozi. Aliposhtuka na kuizuia, kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki GB 4.5. Wakakimbilia bekapu. Ile ya kila siku ilikuwa haifanyi kazi kwa sababu programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo la 9.2 na databesi ni ya 9.6, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ya diski ambayo fundi aliichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Kazi ya muda huo wote ikapotea.

Wale walikuwa na mfuasi na njia kadhaa za bekapu. Mimi nilifundishwa kwamba tepu ambayo hujawahi kuirudisha ni plastiki tu.

---

#6 Mtunza Databesi

Shikamoo mzee. Asante sana, na ni kweli nililipita haraka.

Pale kwetu tangu siku zile tunahifadhi logi za miamala, yaani kumbukumbu ya kila badiliko, mfululizo kwenye hifadhi ya nje, pamoja na nakala nzima kila usiku. Mtu akikosea saa tisa na dakika 10 alasiri, naweza kuirudisha databesi ilivyokuwa saa tisa na dakika 9. Klasta haiwezi kukufanyia hivyo hata ingekuwa na nodi, yaani seva, 50.

---

#7 Pwani254

Salaam kutoka Mombasa. Mimi niko ofisi ya kuondosha mizigo bandarini, mfumo wetu ni wa MariaDB, programu nyingine ya databesi. Kuna fundi ametushauri Galera, klasta ya MariaDB, anasema pale nodi zote ni viongozi, unaandika popote. Sasa ndugu zangu, hilo la mafahali wawili halitatukuta?

---

#8 Dada Ankara

Kaka wa Mombasa, karibu. Nimeendesha Galera kwa miaka, niruhusu nijibu.

Halitakukuta la mafahali, ukiwa na nodi tatu. Galera nayo ina akidi. Upande uliobaki na wachache unakataa kazi, programu yako itapata kosa namba 1047 na hapo usiilaumu Galera, inakulinda. Kama mna mashine mbili tu kuna programu ndogo inaitwa garbd, haibebi data, inapiga kura tu. Ni yule yule shahidi wa mwenye uzi.

Ila "unaandika popote" ina bei yake, na mafundi wengi hawaitaji. Ukibadilisha rekodi kwenye nodi ya kwanza na mwenzako akabadilisha rekodi hiyo hiyo kwenye nodi ya pili, kila mmoja anaruhusiwa kuendelea hadi sekunde ya mwisho ya kuthibitisha. Hapo zinalinganishwa. Wa kwanza anapita, wa pili anarudishwa na kosa namba 1213, kana kwamba amekwama kwenye foleni. Programu iliyoandikwa vizuri inajaribu tena yenyewe. Programu zetu nyingi zinamwonyesha karani maandishi mekundu, naye anaanza kujaza fomu upya, kontena kwa kontena. Nimeona karani analia.

Kwa hiyo mimi naandika kwenye nodi moja tu, nyingine mbili nazisomea ripoti. Ile ya kuandikia ikifa nahamia ya pili mara moja bila kungoja mtu apandishwe cheo, na hapo ndipo Galera inanifurahisha kweli.

Mengine ya kuangalia: kila jedwali liwe na ufunguo mkuu (safu inayotambulisha kila rekodi), na majedwali yawe ya aina ya InnoDB. Mkiongeza safu kwenye jedwali kubwa mchana, kwa mipangilio ya kawaida klasta yote inasimama kusubiri. Fanyeni usiku. Na nodi iliyo dhaifu inawachelewesha wote, kwa sababu ikizidiwa inawaambia wenzake wapunguze mwendo. Msichanganye mashine mpya na kikongwe.

---

#9 Pwani254

Shukran sana dada. Hilo la kosa 1213 ndilo nilikuwa sijaambiwa. Nitamuuliza fundi mbele ya mkurugenzi.

---

#10 Chipukizi IT

Wakuu nimerudi. Skripti niliizima usiku ule ule. Kompyuta ya zamani ya mapokezi nimeiwekea SSD, imekuwa kura ya tatu. Patroni imesimama. Sasa naogopa kujaribu. Mnajaribuje bila kuua biashara?

---

#11 Mtunza Databesi

Safi sana mdogo wangu. Hofu hiyo ni nzuri, ila usipojaribu wewe Jumapili, umeme utakujaribia Jumatatu.

Nakueleza mimi nilivyofanya. Jumapili jioni, bosi ana taarifa, bekapu imechukuliwa na kurudishwa kwenye mashine ya pembeni. Dirisha moja limefunguliwa na keshia anauza bidhaa ya uongo ya shilingi 100, mauzo baada ya mauzo, mimi nina saa mkononi. Nikaenda kwenye kabati nikachomoa waya wa umeme wa kiongozi. Nilichomoa waya, sikuizima kwa amri. Ukiizima kwa amri kiongozi anapata nafasi ya kuaga, anaachia ufunguo, mfuasi anapanda ndani ya sekunde chache na wewe unafurahi bure. Kifo cha kweli hakiagi.

Mfuasi alipanda baada ya sekunde 34. Nikatabasamu. Nikamgeukia keshia, skrini yake imeganda. Dakika moja. Dakika tano. Databesi ipo hai na inapokea maandishi, mimi naiona, lakini dirisha limekufa. Robo saa baadaye likazinduka lenyewe.

Nilitumia wiki nzima kuelewa. Mbele ya databesi nina HAProxy, ndiyo inayopeleka madirisha kwa kiongozi. Inauliza kila nodi kupitia mlango 8008 wa Patroni, "wewe ndiye kiongozi?" Ilijua kabisa kiongozi amebadilika, na dirisha jipya lingepelekwa kwa kiongozi mpya. Lakini dirisha la zamani lilikuwa bado limeshikilia muunganisho wake na mashine iliyokufa. Mashine iliyokatiwa umeme haitumi ujumbe wa kuaga, kwa hiyo Linux upande wa pili inaendelea kutuma tena na tena ikisubiri jibu. Kwa mipangilio ya kawaida inajaribu mara 15, na jumla yake ni zaidi ya sekunde 900. Ndiyo ile robo saa.

Dawa yake ni mstari mmoja kwenye HAProxy, on-marked-down shutdown-sessions. Nodi ikionekana imeanguka, miunganisho yake yote inakatwa papo hapo, na dirisha linalazimika kuunganisha upya. Jumapili iliyofuata nikachomoa tena. Tangu waya kuchomolewa hadi ankara inayofuata, sekunde 38.

Kwa hiyo unapojaribu usipime databesi. Pima risiti ya keshia.

Ukimaliza umeme, chomoa waya wa mtandao wa kiongozi na umwache awake. Hiyo ndiyo Jumanne yangu. Kaa mbele ya skrini yake umwone akijishusha mwenyewe. Mimi nilipoiona kwa mara ya kwanza nilikaa kwenye kiti nikashusha pumzi.

---

#12 Dada Ankara

Na akijaribu asisahau kuzima ile kompyuta ya mapokezi peke yake. Kura ya tatu ikifa peke yake hakuna kinachotakiwa kutokea. Wengi wanagundua siku hiyo kwamba imekufa miezi minne iliyopita na hakuna aliyejua.

---

#13 Mtunza Databesi

Dada umenena. Iwekewe tahadhari ya kutuma ujumbe kwenye simu, kama seva nyingine zote.

---

#14 Chipukizi IT

Wakuu, mrejesho.

Jumapili tumefanya. Bosi mwenyewe alikuja, akakaa nyuma ya keshia. Nimechomoa umeme, sekunde 41 hadi risiti inayofuata, bati moja la geji 30. Nimechomoa waya wa mtandao, kiongozi akajishusha, nikampiga picha. Nimezima kompyuta ya mapokezi, mauzo hayakutikisika na simu yangu ikalia ndani ya dakika moja. Bosi akauliza, "Kwa hiyo hii ya mapokezi ndiyo inaamua?" Nikamjibu yenyewe ni kura tu, ila bila kura hiyo hawa wawili hawaaminiani. Ameagiza ihamishiwe chumba cha mtunza stoo, kwenye laini nyingine ya umeme, na inunuliwe UPS yake.

---

#15 Mzee Tepu

Hongera sana mwanangu. Na bekapu, umeirudisha?

---

#16 Chipukizi IT

Shikamoo mzee. Nakala ya usiku ninayo, ila sikuirudisha popote. Nimeanza sasa hivi kwenye laptopu yangu, ni GB 61. Nitaleta majibu hapa hapa.